Randa ya Inchi Ishirini na Nne

Vijana wa useremala huja kwangu mpaka leo na swali moja. Mzee, nataka kufungua karakana ndogo pale nyumbani, ninunue randa ndefu ya ukubwa gani? Mimi huwajibu upesi, maana jibu nililipata kwa gharama. Huwaambia wasianze na randa, waanze na nyumba. Nani anakaa hapo, mchana anakaa wapi, na ukishaweka meza yako yeye atahamia wapi. Wengine huondoka wakinong'ona kwamba mzee akili zimeanza kumruka. Wamekuja kuuliza inchi, mimi nawauliza habari za wake zao.

Basi tuseme kwanza la inchi, nisije nikaambiwa nimelikwepa. Randa fupi ina tabia moja mbaya, hufuata ubao. Ubao ukiwa na bonde, nayo inateremka bondeni. Ukiwa na kilima, inapanda. Ukimaliza unapata ubao laini sana, ila umepinda vilevile ulivyokuja. Randa ndefu haishuki. Inapita juu ya bonde na kukata vilima peke yake, pigo baada ya pigo, mpaka ubavu wote wa ubao unanyooka. Ukizisimamisha mbao mbili pamoja huoni mwanga katikati yake, na hapo ndipo gundi inaposhika. Mafundi wa zamani walihesabu kwamba randa hunyoosha kwa urahisi ubao wa urefu mara mbili yake, na kwa mkono mzoefu hata mara tatu na nusu. Ya inchi kumi na nne ni ya viti na masanduku. Ya kumi na nane inatosha meza na madirisha. Ya ishirini na nne ni ya milango mikubwa.

Lakini randa ndefu huisukumi umesimama mahali pamoja. Unatembea nayo, kutoka kichwa cha ubao hadi mwisho, bila kusita, maana ukisita inaacha alama. Ubao wa futi saba unataka meza ya futi tisa, na huku na huku unataka nafasi ya kuanzia hatua na ya kugeukia. Kwa hiyo anayechukua randa ya inchi ishirini na nne anachukua na futi kumi na nne za ardhi. Hilo dukani hawakwambii.

Nilijifunza kazi Gerezani, kwenye karakana ya Singasinga mmoja mzee, miaka ile Mwingereza bado yupo na Temeke ndiyo kwanza inapimwa viwanja. Mzee yule alikuwa mkali wa kazi na mpole wa watu. Mimi nilikuwa kinyume chake. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, kila mtu alikiri, lakini nilikuwa na hasira za karibu. Nyundo ikianguka nilitukana nyundo. Ninazo mpaka leo hasira hizo, ila siku hizi zimebaki kubweka tu, kama mbwa aliyeng'oka meno.

Nilioa Msasani. Mke wangu alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mcheshi mno, na vidole vyake havikujua kutulia. Alisuka ukili wa mikeka akiwa anaongea, akiwa anangoja wali uive, mara nyingine hata akiwa amefumba macho ameegemea ukuta. Nilimtania kwamba siku atakayokosa miyaa atasuka ndevu zangu. Alinijibu kwamba ndevu zangu hazitoshi hata kipepeo cha kupepea moto.

Nilimleta Temeke kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe kwa miti na udongo, nikaiezeka makuti. Ilikuwa nyumba ya kwetu kama zote. Mbele baraza, kati ukumbi na vyumba huku na huku, nyuma uwani wenye jiko, kisima na ua wa makuti. Asiyejua desturi zetu nimweleze jambo moja hapa, maana kisa chote kimekaa juu yake. Mume ana baraza, mke ana uwani. Barazani hukaa wanaume na maneno yao. Uwani ni kwa wanawake. Hapo ndipo mke anapovua buibui, anapofua, anaposukwa nywele kichwa wazi, anapocheka kwa sauti anayoitaka. Mwanamume mgeni hafiki uwani. Hata mwenye nyumba, akijua mkewe ana wageni, hukohoa kwanza ukumbini.

Nilikohoa sana miaka ile. Nikirudi na baiskeli yangu kutoka Gerezani nilivisikia vicheko tangu njiani, wanawake wanne watano wa jirani wamekaa na mke wangu kwenye mkeka chini ya kivuli cha paa, huyu anasuka, huyu anasukwa. Nikikohoa, vicheko vilishuka. Kisha mmoja alikuwa akisema, "Shemeji karudi, tuondokeni jamani," na mke wangu akijibu, "Kaeni, huyo hali watu." Nilikuwa najifanya nimeudhika. Kweli ni kwamba nilipunguza mwendo wa baiskeli makusudi, ili nivisikie zaidi.

Siku moja yule Singasinga alituita mafundi wake wa siku nyingi. Macho yalikuwa yamemchoka, akaamua kurudi kwao Punjabi akafie kwa watoto wa ndugu zake. Alituambia kila mmoja achague zana moja ya kwenda nayo nyumbani, iwe kumbukumbu. Mwenzangu mmoja alikuwa amekwisha kuikamata randa ya inchi kumi na nane. Mimi jicho langu lilikuwa limekaa siku zote kwenye ile kubwa, ya chuma, ya ishirini na nne, yenye mpini uliopata weusi wa jasho la watu. Mzee aliniona.

"Umepima nyumba yako?" aliniuliza.

"Nyumba nimeijenga mie mwenyewe, bwana. Naijua."

"Barazani kwako pana futi ngapi?"

Nikamwambia, kati ya mlango na nguzo, futi sita na kitu.

"Basi ungechukua kumi na nane, kama huyu. Weka meza barazani. Watu watapita, wataona unafanya kazi, wataleta kazi. Hii ndefu ni ya karakana, si ya nyumba."

Nilimshukuru kwa shauri lake, nikachukua ile ndefu. Niseme kweli, niliona ananipunja. Niliona mzee anadhani Mswahili na kibaraza chake anafaa stuli na vibao vya mbuzi za kukunia nazi. Temeke yote ilikuwa inajengwa, kila nyumba inataka mlango, na mimi nilitaka niwe mtu wa milango. Kiburi si maungwana, lakini kijana hajui kwamba ni kiburi. Yeye anaona ni akili.

Mke wangu aliipokea kwa mikono miwili, ikamwelemea, akacheka.

"Itakaa wapi hii?"

"Mvunguni."

"Na kazi utaifanyia mvunguni? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, bwana wee, nawe mgongo wako tunaujua."

Nilijaribu baraza, Mungu shahidi yangu. Ubao wa futi saba ulitokeza nje ya nguzo, ukazuia wapita njia, na kila nikisukuma randa nilikuwa nagonga kiwiko mlangoni kabla ya kumaliza hatua. Chumbani hapakuwa na mwanga. Pakabaki uwani. Nilimwambia mke wangu ni kwa mwezi mmoja tu, mpaka nipate pa kujenga banda. Alitazama uwani wake, akatazama randa, akasema, "Mwezi mmoja hauui mtu."

Nikatengeneza meza ya futi tisa, ya mkongo mzito. Nayo meza ya randa ndefu ikitikisika haina maana, basi nikaichimbia miguu ardhini. Ningekuwa na macho ningeona hapo kwamba mtu anayechimbia meza miguu hana nia ya mwezi mmoja. Ilianzia karibu na jiko ikafika usawa wa kisima. Mke wangu akitoka kuchota maji aliipita kwa ubavu, ndoo kichwani, amevuta tumbo.

Mwanzoni alifurahi. Randa ndefu hutoa maranda marefu, yanajikunja, yananukia, na yeye aliyatumia kuwashia moto, akawagawia na majirani. Kisha maranda yakaanza kuonekana ndani ya wali. Kisha wateja wakaanza kuja.

Sikuwa nimefikiria wateja. Nilifikiria mbao, nikafikiria mwanga na mwinuko wa meza, nikasahau kwamba mlango huagizwa na mtu, na mtu huyo hutaka kuja kuuona ukitengenezwa, na huja na nduguye, na wachukuzi wa mbao nao huja. Wote hao ni wanaume. Wote walipita ukumbini kwangu kwenda uwani kwa mke wangu. Hodi ikipigwa, yeye aliacha sufuria motoni akakimbilia chumbani. Siku nyingine alikuwa chumbani saa nzima anangoja mtu mmoja amalize kuniambia habari za kitasa. Wale wanawake wa mkekani walipungua mmoja mmoja. Sikuambiwa lolote, niliona tu kwamba nikirudi kutoka sokoni hakuna tena haja ya kukohoa.

Hapo ilikuwa miezi minne. Nilikuwa nimepata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, milango ya mvule ya kufunguka pande mbili kwa duka la Mwarabu mmoja wa mtaani, mtu mwema, mwenye adabu zake. Alipenda kuja kuitazama. Kila akija alisimama ukumbini akipiga hodi mara tatu, mpaka mke wangu apate kujificha. Siku moja nilikuwa katikati ya pigo, randa inakwenda vizuri, na hodi yake ikanitia hasira. Nikapaza sauti, "Ingia tu, bwana! Hodi ya nini? Hapa karakana!"

Akaingia, kwa kuwa nimemwambia aingie. Mke wangu alikuwa nyuma ya jiko anaosha nywele, kanga moja kifuani, sabuni machoni. Yule bwana aligeuza uso ukutani papo hapo, akaomba radhi mara tano, akatoka kinyumenyume akajikwaa kwenye kizingiti. Hakuna aliyefanya kosa hapo isipokuwa mimi.

Mke wangu alisuuza nywele, akazikausha. Kisha alikuja akasimama upande wa pili wa meza.

"Nani kakwambia hapa ni karakana?"

Ningeweza kusema nimekosa. Lilikuwa neno lililokaa hapo karibu, nalijua, niliona hata pa kulishika. Badala yake nikasema kwamba kazi ndiyo inayompa kula. Akasema kwao alikuwa anakula. Nikasema basi aende, kama kwao kunamtosha. Akasema, "Sikwambii habari za kula. Nakwambia nakaa chumbani kama mgonjwa, kwangu mwenyewe. Iondoe hii meza." Nikamwambia meza haiondoki. Akauliza, "Hata kwa ajili yangu?" Na mimi, mbele ya jua la saa tisa, na randa mkononi, nikamtamkia talaka moja.

Alinitazama. "Umesema?"

"Nimesema."

Alikunja ukili wake, akavaa buibui, akaenda kwao Msasani.

Talaka moja haivunji nyumba papo hapo, na wengi wetu wenye hasira za karibu tumeponea hapo. Mke hukaa eda, muda wake wa kungoja, na maadamu eda haijaisha mume ana ruhusa ya kumrejea, bila mahari, bila shehe, bila hata kumwuliza. Husema tu, nimekurejea, wakisikia watu wawili ni bora zaidi, na ndoa inaendelea palipokatikia. Sheria yenyewe inataka mke akae eda papo hapo kwa mumewe, ili wakionana kila siku hasira zipoe. Lakini angekaa wapi? Uwani kulikuwa na meza.

Hasira zangu zilipoa siku ya pili. Niliamka, nikakuta ukimya uwani ambao sikuwahi kuusikia tangu nijenge. Ningeweza kwenda siku ile. Ningeweza hata kutamka neno palepale barazani mbele ya majirani wawili, nikamtuma mmoja Msasani. Sikufanya. Mtu ataniuliza kwa nini, nami nimejiuliza mwenyewe nikiwa kijana na nikiwa na mvi. Nilitaka nimrejee nikiwa nimekamilika. Nilijipangia kwamba nimalize milango ya Mwarabu, maana kwa milango ile randa ndefu ilihitajika kweli, kisha niing'oe meza, nihamie barazani, niusafishe uwani, ndipo niende Msasani nimwambie njoo uone. Nilitaka akirudi asikute kitu cha kunilaumu. Na ndani zaidi, tuseme ukweli, nilitaka aione milango ile dukani imesimama, akubali kwamba sikuwa mpumbavu kuchagua nilichochagua.

Muda nilikuwa nao. Nilikuwa na kalenda ya dukani yenye picha ya Malkia, nikaitundika ukutani juu ya kitanda, na kila asubuhi nikakata siku moja kwa penseli yangu ya useremala. Miezi mitatu. Kila mtu wa barazani atakwambia eda ni miezi mitatu.

Hamu niliyoipata miezi ile sijapata kuiona tena, na sitaki. Nilipika mwenyewe, wali ukaungua chini ukawa mbichi juu. Nikitoka sokoni nilikohoa ukumbini kwa mazoea, kisha nikasimama hapo hapo gizani kidogo kabla ya kuingia. Nilikuta unywele wake umenasa kwenye ufa wa mlango wa jiko, nikauacha. Mchana nikipiga randa nilisahau, maana kazi ilikuwa nzuri, tena nzuri kupita kiasi. Mbao zile za mvule zilishikana mpaka mtu alipapasa maungio kwa ukucha asijue yalipo. Lakini ubao ukinyooka hivyo mtu hugeuza kichwa amwonyeshe mwenzake, na mimi niligeuza kichwa kila siku, nikaona kisima.

Milango ikasimama. Mwarabu alinishika mkono mbele ya watu, akasema hajaona kazi kama ile. Nilimwitikia, nikarudi nyumbani nikachukua msumeno. Niliikata meza ile ya futi tisa ikabaki tano, nikang'oa miguu, nikafukia mashimo na kushindilia udongo mpaka usingejua palikuwa na kitu. Randa ndefu niliipeleka kwa yule mwenzangu wa Gerezani aliyechukua ya inchi kumi na nane. Tukabadilishana, yeye akidhani nimepata wazimu. Nikaweka meza barazani. Ilikaa vizuri, na nafasi ya kupita ikabaki. Kesho yake nikapaka ukuta wa jiko chokaa, nikafagia uwani mara mbili, na niliposimama katikati yake niliona jinsi ulivyokuwa mkubwa. Asubuhi iliyofuata kalenda ilisema zimebaki siku nane.

Nikavaa kanzu, nikapanda baiskeli. Kutoka Temeke kwenda Msasani ni mwendo, unapita mjini, unavuka daraja, unapita nyumba za Wazungu na bustani zao. Baadhi ya milango ya nyumba zile niliipiga randa mimi, nikiwa kwa Singasinga. Siku nyingine ningeihesabu nikiringa. Siku ile nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya kuanzia.

Nilimkuta mama mkwe wangu barazani anapepeta mchele. Mumewe alikwisha kufa zamani. Alikaa yeye na binti yake tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu." Alinitengea kigoda palepale nje. Zamani alikuwa akiniambia niingie. Nililiona hilo, nikadhani ni hasira, na hasira nilistahili.

Nikaanza moja kwa moja, maana maneno ya mazoezi yalinipotea. "Mama, nimekosa, nami nimekuja kumrejea mke wangu. Zimebaki siku nane."

Alisimamisha ungo. "Siku nane za nini?"

"Za eda."

"Nani kakuhesabia?"

Nikamwambia nimehesabu mwenyewe, kwa kalenda, siku moja moja, sikuruka hata moja.

Mama yule aliuweka ungo chini taratibu. Nadhani alikuwa akitafuta namna ya kusema bila kuvunja heshima iliyopo kati ya mkwe na mkwe. "Mwanangu," alisema, "miezi mitatu ni eda ya vikongwe kama mie, tuliokwisha kukauka. Mwanamke kijana huhesabu tohara zake, usafi wa baina ya damu na damu. Tatu. Haitazamwi ukutani. Chuoni kwa Kurani hawakukusomesha?"

Walinisomesha. Mwalimu alipofika mlango ule wa hedhi na tohara sisi wavulana wa nyuma tulizibana mbavu kwa kicheko, na nilichotoka nacho siku ile ni kicheko tu. Baadaye nikawa mtu mzima, nikasikia wanaume wenzangu barazani wakisema miezi mitatu, miezi mitatu, nikaona ndiyo hivyo.

"Imekwisha lini?" niliuliza.

"Yapata wiki tatu sasa."

Wiki tatu nyuma nilikuwa nasugua msasa kwenye milango ya Mwarabu.

Nikasikia kitu kikisogea nyuma ya mlango. Mlango ulikuwa wazi nusu, na ndani yake niliona pindo la kanga, kisha mkono ukauvuta mlango mpaka ukabaki upenyo tu. Nilikuwa nimelala na mwanamke yule mkeka mmoja miaka mitano. Sasa alikuwa anajisitiri nami, na sheria ilikuwa upande wake.

"Niache niseme naye, mama," nilisema. Mama mkwe akageuza uso akaendelea na mchele wake, asiondoke, maana asingeweza kutuacha peke yetu.

Nilimwambia yote kupitia upenyo ule. Kwamba milango imekwisha, kwamba meza nimeikata, randa nimeibadilisha, uwani nimeufagia na ukuta nimeupaka chokaa. Kwamba mahari nitatoa upya na nikaha iwe mpya, kesho, leo, mbele ya shehe atakayemtaka yeye. Nilikuwa naongea na mbao za mlango, nikaona hata kwamba zimeungwa vibaya, na nikajichukia kwa kuliona hilo wakati ule.

Aliniacha nimalize.

"Meza uliikata lini?"

"Juzi."

"Juzi," alisema. "Kila aliyepiga hodi hapa nilidhani wewe. Mama shahidi yangu. Wiki ya kwanza nilijitia wanja kila siku. Ya tano vilevile. Nilijua hesabu yangu, nikadhani nawe unaijua. Ile siku ya mwisho nilikaa hapo barazani tangu asubuhi, hapo ulipokaa. Nilikuwa najua jua likizama siwi tena mkeo. Kila baiskeli nilisimama. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natengeneza mahali pako."

"Mie nilikuwa hapa."

Nikamwomba tena. Nikamwuliza kama kuna mtu amemposa, na nikiwa nauliza nikatamani awepo, nipate wa kumchukia.

"Hakuna mtu," alisema. "Nimechoka kungoja, basi. Nikirudi nitakungoja tena, kwa jambo jingine. Nakujua. Usiseme ni hasira, hasira ziliisha zamani. Ungekuja mikono mitupu, na meza ikiwa palepale, ningerudi."

Mlango ukafungwa, pole pole, bila kubamizwa. Mama mkwe wangu alinyanyuka, akanisindikiza mpaka njia kuu. Njiani hakunisimanga. Aliniambia niendeshe taratibu, jua kali, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili akarudi.

Sikupanda baiskeli. Niliikokota, Msasani mpaka daraja, daraja mpaka mjini, mjini mpaka Temeke, kanzu imenigandama mgongoni. Nilimtaka mwanamke yule, na nimemtaka miaka yote iliyofuata. Njia nzima nilikuwa nikisema nimekurejea, nimekurejea, kwa sauti ya kawaida, namna lilivyotakiwa kusemwa. Ni neno jepesi sana kutamka.